Swichi ya Dim: Mlio wa Mita Hautoshi

Kwenye Land Rover Series IIA, gari lililoingia sokoni mwaka 1961, dereva hubadili taa kubwa kutoka full kwenda dim kwa mguu wa kushoto. Swichi imekaa sakafuni, pale pale tope, maji na mchanga wa viatu vinapoishia. Haishangazi kwamba huchakaa, na kwamba wanaofufua magari haya hulazimika kutafuta nyingine, mpya au iliyong'olewa kwenye gari lililokufa.

Wengi huipima kwa haraka: mita inawekwa kwenye mlio, ncha mbili zinaguswa, ikilia, swichi inafungwa.

Tatizo ni kwamba mita hulia kwa umeme mdogo mno, usiofika hata sehemu ya mia ya ampea. Taa mbili za wati 60 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 10. Kutu ikiacha ukinzani wa omu 0.1 tu ndani ya swichi, mita italia kama kawaida. Lakini taa zikiwashwa, karibu volti 1 itapotea hapo na kugeuka joto la takriban wati 10. Barabarani, mwanga utapungua kwa karibu robo.

Kwa hiyo fundi makini huipima swichi mezani, ikiwa na mzigo. Kwanza hupima kwa mita kati ya kila ncha na bodi ya swichi kuhakikisha umeme hauvuji, maana magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo hayakuwa na fyuzi kwenye taa kubwa. Shoti moja inaweza kuunguza nyaya. Kisha huunga betri, fyuzi ya ampea 15, swichi na balbu mbili za gari. Mita, sasa ikiwa kwenye volti, huwekwa kati ya ncha ya kuingilia na ya kutokea. Ikisoma chini ya 0.2, swichi ni nzima. Huibonyeza mara nyingi, upande wa full na wa dim, huku akiangalia kama namba inarukaruka, halafu huacha taa ziwake dakika kumi na kuishika swichi kuona kama imepata moto.

Baada ya hapo, taa zikiwa hafifu garini, swichi haimo tena kwenye washukiwa. Fundi huenda moja kwa moja kwenye waya wa ethi (earth) wa taa.