Pongezi kwa Mwalimu wa Darasa la Awali

Mtoto wa Kanazi, wilayani Ngara, anapoingia darasa la awali huwa tayari anajua mengi: kuchunga mbuzi, kubembeleza mdogo wake, kusimulia hadithi kwa Kihangaza. Kiswahili ndicho kinachomchenga, na ndiyo lugha ya darasa. Anayemvusha ni kijana aliyemaliza kidato cha nne akachagua kusomea elimu ya awali chuoni. Kijana huyo nampongeza kwa moyo wote.

Wapo wanaodhani kazi yake ni kuimba na kufuta kamasi. Wanakosea sana. Chuoni hujifunza jinsi mtoto anavyokua, namna ya kufaragua zana kwa vizibo, mabua, mbegu na udongo, kupanga kona za kujifunzia, na kumtambua mapema mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri. Kisha huja mazoezi ya kufundisha, na hapo ndipo hugundua kwamba wimbo mmoja, ukiimbwa kwa wakati wake, hubeba hesabu nzima.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Madarasa mengi ya vijijini yamefurika kupita hapo. Hata hivyo mwalimu huyu huinamia kila daftari, hushika kiganja kinachong'ang'ania penseli, humwita kila mtoto kwa jina lake. Anastahili nyumba karibu na shule, na mshahara unaolingana na uzito wa kazi hiyo.