Virusi vya mswaki tumevisoma, vya dumu je?

Utafiti wa Erica Hartmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, uliotoka 2024, ulizunguka sana mitandaoni: eti miswaki na vichwa vya shawa vina aina zaidi ya 600 za virusi. Ukiishia kwenye vichwa vya habari utautupa mswaki wako leo hii. Usiutupe. Walichokuta humo ni faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria, siyo watu. Zinakaa palipo na utando unaoteleza, kwa sababu ndipo bakteria walipojazana.

Kazi naisifu, maana imechungulia vitu tunavyovishika kila asubuhi. Ila kusoma vinasaba kunakuambia nani alipita hapo. Hakukuambii kama yu hai, wala kama faji imeua bakteria hata mmoja. Halafu shawa! Hebu pita Isingiro uhesabu nyumba zenye shawa. Wengi tunaoga kwa ndoo, na maji ya kunywa yanakaa kwenye dumu la lita 20 siku mbili tatu, yakimiminwa kidogo kidogo. Ingiza kidole kwenye mdomo wa dumu la siku nyingi: ule utelezi ni mji mzima wa bakteria. Kichwa cha shawa hukauka kati ya kuoga na kuoga, dumu halikauki. Kwa hiyo majibu ya Marekani huwezi kuyahamishia jikoni kwa mama hivi hivi.

Kinachonikera zaidi ni faji kupigiwa debe kama wakombozi wetu dhidi ya usugu wa dawa. Sawa, Félix d'Herelle alikuwa akizifikiria kama tiba zaidi ya miaka mia iliyopita. Lakini 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu hubebwa na faji. Bakteria asiyekuwa na sumu hiyo akiingiwa na faji hiyo, anaweza kuanza kuitengeneza, na ndiyo inayommaliza mgonjwa maji mwilini. Habari nilizosoma zililiruka hilo kabisa.

Anayetafuta mada ya tasnifu, dumu linamsubiri. Wewe mwingine, weka kokoto na maji ya sabuni ndani, funga, tikisa sana, suuza. Utando ukibanduka, bakteria na faji zao wanatoka pamoja.