Kitabu cha Fundi na Sikio la Fundi

Kijitabu kilicho mbele yangu kinafundisha kutunza Land Rover za petroli za zamani, zile za Series II zilizoanza kuuzwa mwaka 1958. Mtungaji sitamtaja, kwa kuwa nina ugomvi naye.

Sura ya taimingi ameiandika vizuri. Safisha platini, pima nafasi yake. Zungusha injini kwa mkono mpaka silinda ya kwanza ifikie mgandamizo na alama zikutane. Unganisha taa ndogo, kisha zungusha distribyuta polepole. Taa inapowaka tu, platini zimeachana, na hapo ndipo cheche huruka. Kaza bolti. Mfuatano wa plagi ni 1-3-4-2. Hakuna neno la ziada. Laiti wanafunzi wangu wa ualimu wangeandika maandalio ya somo namna hiyo!

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Anatoa kipimo kimoja cha kuwahisha cheche, kana kwamba petroli ni moja duniani kote. Petroli ikiwa hafifu na cheche ikiwahi mno, injini hugonga kama kokoto ndani ya debe. Yetu ilitufikia kwa mapipa, ikiwa imepita mikono mingi.

Mimi nilikiamini kitabu. Siku moja tulitoka Nyakahura kuelekea Ngara, tukimpeleka hospitali mama mwenye uchungu. Mlimani injini ikaanza kugonga. Fundi wetu, ambaye hakumaliza darasa la nne, akasema, "Mwalimu, tusimame niirudishe nyuma kidogo." Nikamjibu kwamba imepimwa kwa kitabu. Pistoni ikatoboka kabla ya kilele. Mama yule alijifungulia kando ya barabara, na kwa neema ya Mungu wote wawili walipona.

Hata hivyo, sikubaliani na wasemao kuwa sikio linatosha. Bila alama na taa, fundi yule angeanzia wapi? Kosa la kijitabu si vipimo vyake, bali ni kunyamaza baada ya bolti kukazwa. Kingeongeza sentensi moja tu: sasa panda mlima, sikiliza, kisha sahihisha.

Sentensi hiyo nimeiandika mwenyewe pembezoni mwa ukurasa. Gharama ya kutokuwapo kwake nusura ailipe mtu ambaye hakuwahi kukisoma kitabu hicho.