Nuru ya Runinga ya Chogo

Kazi ya sanaa yapasa kuhukumiwa katika hali iliyokusudiwa ipokelewe. Anayeusoma utenzi kimya kimya huipata maana, lakini mahadhi humpita. Na mahadhi ni sehemu ya utenzi wenyewe. Kwa kigezo hicho tunaipima hapa sanaa ambayo hakiki zetu huipa nafasi finyu: gemu za zamani, zinazofufuliwa leo katika kompyuta na simu kwa programu zinazoiga mashine zake, mfano wa RetroArch.

Wachoraji wa gemu za miaka ya 1980 na 1990 waliichorea runinga ya chogo. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu, basi. Kiooni nukta hizo zilivujishiana nuru, na baina ya mstari na mstari kikabaki kiza chembamba. Wachoraji waliijua tabia hiyo, wakaitumia. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa michirizi ya wima yenye nafasi kati yake. Waya wa kawaida wa picha uliichanganya michirizi hiyo, na mtazamaji akayaona mandhari kupitia majini. Kioo bapa cha leo huitenga kila nukta, na maji yamegeuka ua wa fito.

Sheda ni programu ndogo inayoipitia picha kabla haijafika kiooni, ikaurudisha mvujo ule na kiza kile. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaoiita pambo. Sheda njema hulirudishia shairi mahadhi yake.

Fremu inayolazwa juu ya picha ina hukumu nyingine. Asili yake ni ya heshima. Magnavox Odyssey ya mwaka 1972 iliuzwa pamoja na tando za plastiki za kubandikwa kiooni, kwa kuwa mashine yenyewe haikuweza kuchora uwanja. Nayo Space Invaders ya mwaka 1978 ilipewa rangi kwa vipande vya plastiki juu ya kioo cha nyeusi na nyeupe. Tando hizo zilifanya kazi. Nyingi za leo huziba tu pande tupu za kioo kipana, mara nyingi kwa sura ya runinga ya mbao katika sebule ya ugenini. Hapo ukumbusho hugeuka ukumbusho wa mtu mwingine.

Tuitazame kazi hii kutoka Mabatini, kata ya Nyamagana jijini Mwanza. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Mtoto wa Mabatini aliyecheza gemu miaka hiyo, kwa mashine ya bei nafuu iliyochomekwa kwenye tundu la antena, aliiona picha yenye chenga. Tena mfumo wetu wa PAL ulikwenda kwa mapigo 50 kwa sekunde. Gemu iliyotungwa Japani kwa mapigo 60, isiporekebishwa, ilipungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, nao muziki wake ukaenda taratibu. Lakini sheda zinazosifiwa sana huiga runinga bora za Sony, safi kuliko alizoziona mtoto huyo.

Itasemwa kwamba chenga ni kasoro, na mtunzi hakuikusudia. Ni kweli. Hata hivyo, mhariri mwangalifu wa utenzi huihifadhi nakala ya mtunzi, na pia huandika jinsi ulivyoghaniwa mahali mbalimbali, maana mapokezi nayo ni historia. Gemu zinastahili uangalifu huo huo.

Matangazo ya analojia yalizimwa Mwanza mwaka 2013. Ving'amuzi havileti chenga, hugandisha picha. Runinga za chogo zinakwenda jaani. Mafundi wanaozijua wangali hai, na nyenzo za kuandika sheda zinapatikana bure. Asiyeichora nuru aliyokulia, ataachiwa kukumbuka sebule ambayo hakuwahi kuikalia.