Mnyama Mmoja, Ukurasa Mmoja

Mtoto wa miezi 9 akiwekewa picha ya kitu, huikwaruza. Hujaribu kukishika kitu chenyewe na kukibandua kutoka kwenye karatasi. Mtafiti Judy DeLoache na wenzake walichapisha jambo hilo mwaka 1998, baada ya kuwatazama watoto wa Marekani na wale wa Wabeng wa Kodivaa, ambao picha kwao zilikuwa adimu. Kote mikono ilifanya vilevile. Akifika miezi 19 mtoto haparuzi tena, ananyoosha kidole. Hapo ndipo jarida la wanyama linapoanza kufundisha, kwa sababu kidole kile kinaomba jina.

Walioifanya kazi ya majarida hayo kwa miaka mingi walianza na watoto wakubwa, wakashuka polepole. Shirika la National Wildlife Federation la Marekani lilitoa Ranger Rick mwaka 1967 kwa wanaojua kusoma, baadaye likaongeza Your Big Backyard kwa wa chekechea, kisha Wild Animal Baby, lililokuwa na umbo dogo la kutosha mikono ya mtoto anayejifunza kutembea. Wachapishaji wa jarida la Highlights nao wana Hello, la watoto wasiozidi miaka 2. Kurasa zake hazichaniki kirahisi, zinaweza kupanguswa kwa maji, na zimeshonwa kwa uzi badala ya kubanwa kwa pini, maana kila kitu kitaishia mdomoni. Bukoba, mji unaopata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karatasi ya aina hiyo ingefaa hata kwa sababu ya unyevu peke yake.

Lakini ugumu mkubwa uko kwenye kilichochorwa. Zoë Flack na Jessica Horst wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwasomea hadithi watoto wa miaka 3. Waliooneshwa picha moja kwa wakati walijifunza maneno mapya mara mbili ya wale waliofunguliwa kurasa mbili zenye picha kotekote. Mtoto mdogo hajui kwamba msomaji huanza upande wa kushoto, kwa hiyo neno linapotamkwa macho yake yanaweza kuwa kwenye picha nyingine kabisa. Sasa itazame ile chati ya wanyama wanayotembeza wamachinga, yenye vijisanduku vya simba, bata, twiga na papa vilivyobanana. Ikiwa picha mbili zinampoteza mtoto wa miaka 3, chati hiyo haimsaidii wa mwaka mmoja na nusu. Ni ya kaka yake anayesoma darasa la kwanza.

Mapambo nayo yana gharama. Utafiti wa mwaka 2010 wa Medha Tare na wenzake ulionesha kwamba watoto wa karibu miezi 20 walijifunza jina la mnyama vibaya zaidi kwenye kitabu chenye vipande vya kuvuta na kunyanyua kuliko kwenye kitabu cha kawaida. Mkono ulipata kazi, sikio likasahauliwa. Kuhusu picha zenyewe, Patricia Ganea na wenzake waligundua mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 15 na 18 huhamisha jina kutoka kitabuni hadi kwenye kitu halisi kwa urahisi zaidi pale picha inapofanana na kitu chenyewe.

Je, Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, wamekosea kwa kuwapa wanyama sauti kwenye katuni yao ya Akili na Mimi? Hapana. Kiboko na simba wa Akili wapo kufundisha namba, herufi na hisia kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, na utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba waliotazama walipiga hatua katika kuhesabu na kutambua maumbo. Kiboko yule hakuletwa kumweleza mtoto kiboko anaishije. Kazi hiyo inahitaji ukurasa mwingine, na ndio unaokosekana.

Kwa watoto wa Bukoba na wilaya jirani ya Muleba ukurasa huo usianze na twiga. Uanze na mbuzi, kwa kuwa mtoto wa Kamachumu akishaonyesha picha kwa kidole anaweza kubebwa hadi kibanjani amwone mbuzi mwenyewe dakika hiyohiyo. Afuate kuku, kisha ng'ombe wa pembe ndefu. Watoto wa visiwa vya Bumbire na Goziba wapate sato, dagaa, sangara na mnandi. Senene apigwe picha akiwa mzima, na mbawa zake na miguu yake, kwa sababu watoto wengi humfahamu akiwa ameshakaangwa. Wanyama wa Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 na inayofika hadi Muleba, wasubiri matoleo ya baadaye. Chini ya kila picha jina moja la Kiswahili linatosha. La Kihaya bibi atalitamka mwenyewe.

Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto Desemba 2021, nayo ilimhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, hivyo msomaji wa ukurasa huu alikuwamo. Wapigapicha wapo Bukoba, na mbuzi hawahitaji kibali cha hifadhi. Wachapishaji na halmashauri za Bukoba na Muleba waanze na kurasa 12, wanyama 12, zilizoshonwa kwa uzi.