Waliokula chumvi nyingi: namna tunavyousoma vibaya mgodi wa Uvinza

Uvunguni mwa kitanda changu hapa Kasulu kuna kiroba. Ndani yake mna vigae vya vyungu, thelathini na kitu, vingine vidogo kama ukucha. Leo nimekuja kuzungumza habari za vitabu, lakini naomba nianze na kiroba hicho, maana bila hicho nisingekuwa na la kusema kuhusu vitabu vyenyewe.

Tulikuwa watu wanne. Mwalimu mstaafu kutoka Kibondo, ambaye sote tunamwita Mwalimu tu; dada mmoja anayeuza vitenge sokoni; kijana wa bodaboda; na mimi. Hatuna katiba wala akaunti ya benki, na hakuna aliyetutuma. Tulijipa kazi moja: kuilinda kumbukumbu ya chumvi ya Uvinza, mahali penyewe na masimulizi yake, kabla haijazikwa pamoja na wazee wetu. Kiswahili humwita mzee mtu aliyekula chumvi nyingi. Kwa babu zetu wa Buha usemi huo haukuwa picha ya maneno tu. Chumvi ile, umunyu kwa Kiha, walikuwa wakiifuata kwa miguu.

Kwa msomaji asiyepajua: Mto Ruchugi unatoka huku kwetu kwenye milima ya Kasulu, unateremka kusini hadi karibu na Uvinza, na kukutana na Malagarasi. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi, chumvi kali iliyokolea, kiasi kwamba ukichemsha maji hayo chunguni unabaki na chumvi nyeupe bila kuhangaika kuchuja majivu ya majani au udongo kama walivyofanya watu wa sehemu nyingine nyingi. Kazi ilikuwa ya kiangazi, kwani mvua zikija mito hujaa na chemchemi hufunikwa. Watu walikuja toka mbali, wakapiga kambi, wakachemsha, wakawaachia watawala wa Uvinza ushuru wa sehemu ya chumvi yao, wakarudi makwao na mizigo. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani, kampuni ilizichukua chemchemi, na chumvi ya vyungu ikaishia hapo. Kiwanda cha kisasa kimekuwepo Uvinza kwa miaka mingi, sikatai. Mgodi ninaousema mimi ni ule wa vyungu na mashimo ya udongo. Huo ndio uliotelekezwa.

Sasa tuje kwenye vitabu.

Cha kwanza tulichokisoma, kwa zamu, kwenye simu, ni The Lake Regions of Central Africa cha Richard Burton, kilichotoka mwaka 1860. Burton na mwenzake Speke walipita Uvinza wakienda Ujiji, na waliliona Ziwa Tanganyika tarehe 13 Februari 1858. Mwalimu aliposikia tarehe hiyo alicheka. "Februari! Si masika hayo? Sasa huyu alimkuta nani pale?" Mimi nilikuwa nimezipita kurasa zile mara mbili bila kuwaza hivyo. Burton anaeleza vizuri, tena ana jicho kali, anajua kwamba chumvi ya huku inasafiri mbali na inanunua vitu. Lakini njia ya kwenda ilimpitisha pale msimu ambao wachemshaji wamo mashambani mwao, huku kwetu, wakipalilia. Sisemi alidanganya. Nasema sisi wasomaji tumezoea kuchukua ukurasa wake kama picha ya mahali, wakati ni picha ya mahali wenyewe wakiwa hawapo.

Cha pili ni How I Found Livingstone cha Stanley, cha mwaka 1872. Hiki kinasomeka kama riwaya, na hapo ndipo penye hatari yake. Kivukoni Malagarasi mamba anamkamata punda, na ukishasoma hutasahau. Kuna hongo ya kuvuka, kuna mzozo wa watawala wa Uvinza unaohusu mashimo ya chumvi, kisha msafara unaingia Buha na hongo inazidi, vitenge vinaisha, mpaka Stanley anaamua kutoroka usiku, kupita porini kimyakimya asiwalipe tena. Yule kijana wa bodaboda aliipenda sana sehemu hiyo. Alisema ni kama kukwepa trafiki kwa njia za panya. Tulicheka, kisha dada wa vitenge akauliza: "Sasa sisi kwenye hiki kitabu ni akina nani?"

Swali hilo ndilo uhakiki wenyewe. Katika kitabu cha Stanley sisi Waha ni watu wa kizuizini. Kazi yetu ni kusimama njiani na kudai nguo. Chumvi imetajwa kama sababu ya ugomvi. Hakuna mtu hata mmoja anayeinamia chungu, anayepuliza moto, anayelia moshi. Ushuru unaonekana kuwa uroho kwa sababu hatuonyeshwi nchi inayotawaliwa, tunaonyeshwa njia tu. Ukimsimulia mtu habari za soko kwa kumweleza geti la soko peke yake, atadhani wauzaji wote ni mgambo.

Cha tatu si kitabu, ni makala: J. E. G. Sutton na A. D. Roberts, katika jarida la Azania la mwaka 1968, kuhusu Uvinza na kazi yake ya chumvi. Mwaka 1967 walichimba pale. Lugha yao ni kavu, imejaa vipimo na michoro ya kingo za vyungu, na nakiri niliisoma kwa kujilazimisha. Lakini nasema bila kusita: kati ya hivyo vitatu, hiki ndicho chenye watu. Walisoma matabaka ya majivu, mkaa na vigae, moja juu ya jingine, wakaonyesha kwamba chumvi ilichemshwa hapo tangu karne za katikati ya milenia ya kwanza. Yaani miaka kama 1,500 iliyopita tayari kulikuwa na mtu pale na chungu chake. Tabaka za juu zaidi zina mashimo yaliyosiribwa udongo. Mitindo ya vyungu inabadilika, maana watu walibadilika, lakini kazi inaendelea. Burton na Stanley walipita siku chache. Mtu aliyechimba kwa kijiko na brashi alikaa na kusikiliza, ingawa waliokuwa wakiongea hawakuwa na majina.

Hapa ndipo naomba nikirudie kiroba.

Baada ya kusoma makala hiyo tulipanda gari tukaenda Uvinza. Tulizungumza na wazee, Mwalimu akaandika. Jioni tukatembea, tukaona vigae vimezagaa chini pale mvua ilipokwangua udongo. Tulifurahi kama watoto. Tukaviokota. Tulijiambia tunaviokoa: ng'ombe watavikanyaga, mafuriko yatavibeba, mtu atavifyatulia tofali. Kiroba kikajaa nusu. Usiku ule kwenye nyumba ya wageni tukavipanga mezani, tukapiga picha, kila mmoja akachagua anachokipenda.

Mwalimu ndiye aliyenyamaza kwanza. Alishika kigae kimoja chenye michoro akauliza, "Hiki kilikuwa wapi?" Hakuna aliyejua. Karibu na mti? Upande wa mtoni? Juu ya majivu au chini yake? Hatujui. Akakiweka mezani taratibu. "Basi tumechana kitabu," alisema.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu na majengo yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuchimba bila kibali. Hatukuchimba, lakini sitaki kujificha nyuma ya neno hilo. Kilichoniuma zaidi si sheria. Ni kwamba nilikuwa nimetoka kusifu makala ambayo nguvu yake yote iko katika neno "wapi", halafu nikafanya kitendo cha kufuta "wapi" kwa mikono yangu, kwa nia njema, nikitabasamu kwenye picha. Kigae kilichong'olewa mahali pake ni neno lililokatwa kwenye sentensi. Unaweza kulipenda, unaweza kulitundika ukutani. Kulisoma huwezi tena.

Nimeona wahakiki wakifanya hivyo kwa methali za wazee na kwa mashairi, na mimi nimefanya. Tunaokota mstari uliotupendeza, tunauweka juu ya insha yetu, hatusemi nani alisema, kwa nani, wakati gani. Tunauita uhifadhi. Wanaojitolea kulinda migodi ya kale, magofu ya pwani au nyimbo za jando wote wana hatari hii moja, kwamba mapenzi yao yana mikono.

Kuna kosa jingine, la upande wa pili, nalo ni kupamba. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, aliweka chumvi na chuma mahali panapostahili: viwanda vya watu waliojua kuimudu nchi yao kabla ya ukoloni kuwavuruga. Ni kitabu ninachokipenda. Wakosoaji wake walimlaumu kwamba aliichora Afrika ya zamani kwa rangi nzuri mno, na nikiangalia Uvinza naona walikuwa na hoja. Pale palikuwa na ushuru, palikuwa na vita vya kugombea chemchemi, na kuni za kuchemshia zilikatwa msituni mwaka hadi mwaka. Mlinzi wa mgodi anayeficha hayo hana tofauti kubwa na Stanley. Yeye naye anachagua kurasa.

Ndiyo maana nimemrudia bibi yangu. Alizaliwa Kibondo na hakuwahi kufika Uvinza. Alichokuwa nacho ni maneno ya babu yake, aliyekuwa akiteremka na wenzake kiangazi, wakibeba vitu vya kubadilisha. Nilimsikia utotoni mara nyingi bila kumsikiliza. Nakumbuka mambo mawili tu. La kwanza, kwamba chungu kilichochemshia chumvi hakirudi jikoni, kimekwisha, chumvi imekila. La pili, kwamba waliporudi, mama wa nyumba ndiye aliyegawa chumvi kwa majirani, na aliyesahauliwa alikumbuka kusahauliwa huko mpaka kufa. Nilicheka nilipoambiwa hilo. Leo naona ni riwaya nzima, na hakuna msafiri aliyeweza kuiandika kwa sababu ilitokea jikoni, siku nyingi baada ya msafara kupita. Maneno ya vyungu kuliwa na chumvi nayo yananieleza kwa nini vigae ni vingi hivyo pale Uvinza. Bibi alikuwa amenipa ufunguo wa makala ya 1968 kabla sijajua kusoma Kiingereza. Sikuuliza zaidi. Alifariki nikiwa chuoni.

Adam Shafi aliwapa makuli wa bandari ya Zanzibar riwaya, Kuli, na baada ya hapo hakuna msomaji wa Kiswahili anayeweza kusema hajui mgongo wa kuli unauma vipi. Wachemsha chumvi hawajapata Shafi wao. Sidai kila kazi ya kale iandikiwe riwaya. Nadai tu kwamba maarifa ya Uvinza yako kwa Kiingereza katika jarida ambalo duka la vitabu la Kasulu haliliuzi, na kwa Kiha katika vichwa vinavyopungua kila mwaka. Kati ya hapo, Kiswahili kimekaa kimya. Kimya hicho hakikuletwa na Burton wala Stanley. Ni chetu.

Kwa hiyo tumebadilisha kazi yetu. Sasa tukienda Uvinza hatuokoti. Kijana wa bodaboda anapiga picha kigae kikiwa pale pale, anaandika siku na mahali, anakiacha. Dada wa vitenge anakaa na akina mama, kwa kuwa amegundua kwamba ukiwauliza wanaume kuhusu chumvi wanakueleza watawala, ukiwauliza wanawake wanakueleza vyungu. Mwalimu anaandika kwa Kiha kwanza, kisha Kiswahili, na jina la msemaji akikubali, na aliyasikia kwa nani. Ni kazi ya polepole. Daftari la kwanza halijajaa.

Na kiroba? Tulibishana. Kuvirudisha vigae Uvinza na kuvimwaga popote ingekuwa uongo wa pili. Tumekubaliana tumpelekee afisa utamaduni. Jana usiku nilikaa kuandika karatasi ya kuweka juu yake. Kwenye mstari wa mahali niliandika: Uvinza, hapajulikani zaidi. Kwenye mstari wa sababu nilikaa muda, kisha nikaandika majina yetu manne.