Sifa ya Keki ya Victoria

Katika sanaa ya mapishi vimo vyakula vinavyojipamba kwa wingi wa viungo hata kasoro ya mpishi ikapata mahali pa kujificha, na vimo vichache ambavyo vimevuliwa mapambo yote, vikabaki na vitu ambavyo hupatikana katika jiko lolote, na kwa sababu hiyo havimsitiri mtu hata kidogo. Keki ya Waingereza inayoitwa kwa jina la Malkia Victoria ni ya kundi hili la pili. Ni keki laini ya matabaka mawili, tabaka moja juu ya jingine, yaliyounganishwa kwa jemu ya rasiberi na kunyunyiziwa sukari juu. Haina zabibu za kuipa uzito, haina urembo wa sukari wa kuifunika uso, wala haina kiungo chenye harufu kali cha kuiombea radhi. Hata hivyo, katika nchi yake, mtu anayetaka kujua kama mwokaji ni stadi au anajisifu tu, haagizi keki ya harusi yenye ghorofa tatu, huagiza hii.

Kanuni yake ni fupi kiasi cha kuhifadhiwa na mtoto. Mayai hupimwa katika mizani pamoja na maganda yake, kisha siagi, sukari na unga wa ngano, kila kimoja kwa zamu yake, hupewa uzani ule ule. Mayai manne ya kadiri hukaribia gramu 225. Basi siagi itakuwa gramu 225, sukari gramu 225 na unga gramu 225, pamoja na beking pauda kidogo kama unga haukutiwa tangu dukani. Hakuna kimoja kinachopewa ukubwa juu ya mwenzake, na mtu aweza kudhani kwamba, mizani ikiisha kutoa hukumu ya insafu namna hiyo, kazi iliyobaki ni ya mwiko na moto tu. Lakini kiko kitu cha tano ambacho mizani haikioni, duka haliuzi, na kitabu hakiwezi kukitaja kwa gramu, nacho ni hewa. Ustadi wote wa keki hii, tangu mwanzo wake hata mwisho, ni ustadi wa kuikamata hewa, kuilinda, na kuifungia mahali isipoweza kutoroka.

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 hata 1901, na katika zama zake desturi ya kunywa chai alasiri, ambayo husimuliwa kuwa ilianzishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford, ilishika mizizi katika nyumba za wenye nafasi. Chai ya wakati huo ilihitaji kitafunio chepesi kisichomnyima mtu hamu ya chakula cha usiku. Mwaka 1861, mwaka ule ule ambao Malkia alifiwa na mumewe, Albert, mwanamke kijana wa miaka ishirini na mitano, Isabella Beeton, alitoa kitabu kikubwa juu ya uangalizi wa nyumba, na ndani yake mna maelekezo ya kitafunio cha Victoria: mayai manne, na uzani wake katika sukari, siagi na unga, pamoja na chumvi kidogo. Bi Beeton hakutumia kalibu mbili za mviringo. Aliagiza rojo liokwe katika chombo kimoja kwa dakika 20, keki ipasuliwe, ipakwe jemu, ikatwe vipande virefu, navyo vipangwe kwa kupishana juu ya sahani ya kioo. Lakini linalostahili kutazamwa zaidi ni lile ambalo halimo katika orodha yake, kwa maana hakutaja beking pauda hata kidogo; badala yake aliamuru rojo lipigwe sana kwa muda wa dakika 10 hivi. Kilichoiumua keki ya Bi Beeton kilikuwa pumzi iliyoingizwa kwa nguvu ya mkono.

Wala si kwamba dawa hiyo ya kuumulia haikuwapo. Mwaka 1843 mkemia wa mji wa Birmingham, Alfred Bird, alikuwa amekwisha kuibuni kwa ajili ya mkewe, ambaye siha yake haikupatana na hamira. Ni mchanganyiko wa magadi na asidi kavu, ambavyo vikipata maji na joto hutoa gesi, na tangu ulipoenea madukani wako waliodhani kwamba mwokaji amekwisha kuondolewa taabu. Dhana hiyo ni batili. Gesi ya beking pauda, pamoja na mvuke wa maji yaliyomo katika rojo, haiumbi vipovu vipya. Huingia katika vipovu vilivyokwisha kuwamo ikavitanua. Pasipo kipovu, gesi haina pa kukaa. Kwa hiyo wingi na udogo wa matundu yatakayoonekana keki itakapokatwa huwa umekwisha kuamuliwa katika bakuli, kabla ya tanuri kuwashwa, na mwokaji aliyefanya kazi yake kwa uvivu hawezi kununua msamaha kwa kijiko cha pili cha poda. Atapata keki yenye matundu makubwa na ladha ya magadi.

Basi kazi ya kwanza, nayo ndiyo iliyo kuu, ni kupiga siagi na sukari. Siagi isiwe ya baridi hata ikawa ngumu, wala isiwe imeyeyuka. Iwe ya kadiri, ambayo kidole kikiibonyeza huacha alama bila ya kuzama. Sukari nayo iwe ya chembe ndogo, kwa sababu chembe hizo zina kingo, na kila mwiko unapozunguka kingo hizo hukokota hewa na kuiacha imenaswa ndani ya mafuta. Chembe zikiwa kubwa ni chache mno kwa kazi hiyo, na zikisagwa zikawa vumbi hupoteza kingo zenyewe. Mafuta magumu hayakubali kupokea hewa, na mafuta yaliyoyeyuka huipokea na kuiachia papo hapo; ile hali ya katikati tu ndiyo yenye amana. Mtu akiendelea kupiga kwa stahamala huona rangi ya manjano ikififia polepole ikaelekea weupe, na siagi iliyokuwa nzito ikainuka, ikajaa bakuli, ikawa laini hata mwiko ukawa hausikii kizuizi. Anayeacha kabla ya hapo kwa kuwa mkono umechoka, ameiachia keki deni ambalo hakuna hatua ya baadaye itakayolilipa.

Wasomaji wa Pwani watatambua hapa tofauti na mkate wa mayai, ambao huokwa Unguja, Mombasa na Lamu, na ambao kwa desturi ulipata moto wa makaa chini na juu. Katika mkate huo hamna siagi. Mayai ndiyo hupigwa pamoja na sukari hata yakawa povu zito, na hewa hukaa katika povu hilo, kisha iliki hutia harufu. Njia zote mbili zinatafuta wepesi ule ule. Lakini povu la mayai hufanyika upesi na hufa upesi, na mkate wake huwa mkavu kidogo, umpendezao mwenye kuuchovya katika chai. Hewa iliyofungwa ndani ya siagi hupatikana kwa taabu zaidi, ila hukaa kwa utulivu, na keki yake huwa na unyevu na utamu wa mafuta ambao hauhitaji kuchovywa. Aliyezoea njia moja hana sababu ya kuidharau nyingine, bali ana sababu ya kujifunza kwamba hewa moja inaweza kupewa makazi mawili.

Mayai yanapoingia katika siagi, hatari huanza. Sehemu kubwa ya yai ni maji, na maji na mafuta ni mahasimu tangu azali. Yakimiminwa yote kwa mara moja, au yakiwa ya baridi, rojo hukatika likawa vinofunofu vinavyoogelea katika majimaji, na hewa iliyokusanywa kwa jasho hutawanyika. Lakini katika kiini cha yai lenyewe amewekwa msuluhishi, dutu iitwayo lesithini, ambaye hushika maji kwa mkono mmoja na mafuta kwa mkono mwingine. Msuluhishi huyu hafanyi kazi kwa kusukumwa. Yai hutiwa kidogo kidogo, na kila sehemu hupigwa ikapotea kabisa ndani ya siagi kabla ya nyingine kufuata. Na pindi dalili ya kukatika inapoonekana, kijiko kimoja cha unga hutiwa ili kunywa maji yaliyozidi na kurejesha amani.

Hapo amri ya kazi hugeuka. Mkono uliokuwa ukipiga kwa nguvu sharti sasa uwe mpole, kwa maana unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na msukosuko hufungamana zikawa utando wenye kuvutika, na utando huo, ambao kwa mwoka mkate ni neema, kwa mwoka keki ni balaa. Unga huchungwa, hutiwa juu ya rojo, na hukunjwa ndani yake kwa kijiko kikubwa cha chuma kinachoshuka katikati, kikapita chini na kupanda ubavuni, mpaka weupe wa unga utoweke, wala si zaidi ya hapo. Ni jambo la shani kwamba sanaa moja, tena katika bakuli moja na kwa muda usiotimia saa, hudai nguvu kwanza na upole baadaye, na kumhukumu mwanafunzi wake kwa wakati anaochagua kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine.

Katika tanuri lenye nyuzijoto 180, kalibu mbili za sentimita 20 huhitaji dakika 20 hadi 25. Kwanza hewa hutanuka, mvuke na gesi vikaisaidia, na keki ikapanda. Kisha mayai huganda na wanga wa unga huvimba, na kuta zilizokuwa majimaji huwa imara, zikashika umbo ambalo hewa imezipa. Kufungua mlango kabla kuta hazijashika ni kuualika upepo wa baridi uiangushe keki katikati. Moto ukizidi, ganda la juu hukauka mapema, na rojo lililo ndani, likitafuta njia, hulipasua. Keki ikiiva huanza kujitenga na ukingo wa kalibu, na ikibonyezwa kwa kidole huinuka tena.

Ni kwa sababu ya ukali huu wa kanuni kwamba keki ya Victoria imekuwa mtihani katika mashindano ya vijijini ya Women's Institute, chama cha wanawake kilichozaliwa Canada mwaka 1897 na kufika Uingereza mwaka 1915, tawi la kwanza likiwa katika kijiji cha Llanfairpwll, Wales. Waamuzi wake hutaka matabaka yawe na kimo kimoja, jemu iwe ya rasiberi, juu pawe na sukari laini pasipo malai, wala alama za waya wa kupozea zisionekane. Mgeni aweza kuona kwamba huo ni udhia mtupu. Lakini palipo na vitu vichache, haki ya kushindana hupatikana kwa kuwafunga wote kwa sharti moja, ili kinachobaki kulinganishwa kiwe kazi ya mikono.

Na jinsi vitu hivyo vichache visivyo vya kudharauliwa, Vita vya Pili vya Dunia vilionyesha. Tangu Januari 1940 Waingereza walipimiwa siagi na sukari, na baadaye mayai pia. Kwa muda mrefu fungu la mtu mzima lilikuwa kadiri ya gramu 57 za siagi kwa juma na yai moja la ganda; maana yake keki moja ya mayai manne ingemeza siagi na mayai ya mtu mmoja kwa majuma manne. Watu wakaoka kwa majarini na unga wa mayai uliotoka Marekani, wakasubiri. Sukari ilifunguliwa Septemba 1953, na mwezi Julai 1954 upimaji wa vyakula ukakoma kabisa. Katika miaka yote hiyo serikali iliweza kugawa kila kilichomo katika kanuni ya keki hii, isipokuwa kile cha tano.

Siku hizi mashine ya umeme hupiga siagi kwa dakika chache, na sioni haya kuisifu, maana mkono uliochoka si sharti la utamu. Ila mashine haijui wakati wa kukoma. Jicho linaloutazama weupe wa siagi bado ni la mtu. Kwa hiyo anayekaribishwa keki ya Victoria na kutaka kumshukuru aliyeioka asiisifu siagi, ambayo ni fadhila ya ng'ombe, wala mayai, ambayo ni ya kuku, wala sukari na unga, ambavyo wakulima na wafanyabiashara wamekwisha kulipwa thamani yake. Ausifu wepesi wa keki, kwa kuwa wepesi huo ndio pekee ambao mwenyeji wake hakuununua.